Jina la Rangi Lisikuponze, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo tukae tuzungumze habari ya ukuta wa sebuleni, maana naona mnagombana na mafundi, mnanuniana na waume zenu, kwa jambo ambalo subira ya siku moja ingelimaliza.

Tangu Serikali ianze kuhamia hapa Dodoma mwaka 2016, wengi wenu mmekuja na barua ya uhamisho mkononi na sebule ya Dar kichwani. Umepata nyumba Iyumbu au Nzuguni, unataka krimu ileile ya kule Tabata. Unafika dukani, unataja jina la rangi, muuzaji anasema ya kampuni unayoitaka imekwisha, ila ipo ya kampuni nyingine, “ni ileile tu, dada.” Fundi naye anaitikia, anataka kuanza kazi. Unalipa. Asubuhi unafungua dirisha: ukuta mmoja umeelekea pinki, mwingine njano, na mama mkwe anaingia Jumamosi.

Pole. Si wewe peke yako, na wala si ushamba. Umeamini jina, basi. Sadolin, Goldstar, Coral, Plascon, kila mmoja ana kitabu chake cha rangi na anabatiza anavyopenda. Neema wa Chang'ombe na Neema wa Kikuyu wanaitika jina moja, lakini hukuti sura moja. Hata namba ya kwenye kitabu cha kampuni hii, kwa jirani yake haina maana yoyote.

Sasa nisikilize. Dukani usipeleke jina, peleka rangi yenyewe. Zima umeme, fungua kava la swichi, na pale chini yake ambapo jua halijafika, toa kwa wembe kipande kipana kama sarafu. Kifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kikauke. Duka lenye mashine ya kusoma rangi litakipima na kukupa mchanganyiko unaokaribia. Nimesema unaokaribia, tusije tukalaumiana. Lakini kama unaziba kiraka tu, kipande cha chini ya swichi kitakudanganya, kwa kuwa ukuta wenyewe umeshapauka. Toa pale panapoonekana. Na uoshe ukuta kwanza! Vumbi letu jekundu la kiangazi linageuza nyeupe kuwa krimu, halafu unakuja kulalamika rangi imebadilika.

Zipo namba ambazo kampuni nyingi zinazijua. Wajerumani walianza orodha yao ya RAL mwaka 1927 wakiwa na rangi 40. Waingereza wana BS 4800, ambamo ile krimu iitwayo Magnolia ni 08 B 15. Ukiwa na namba ya namna hiyo, muulize muuzaji. Itakusaidia kuliko kumwambia “krimu ya kupoa poa”. Hata hivyo kila kiwanda kinaifikia namba hiyo kwa viungo vyake, kwa hiyo bado utajaribu.

Kujaribu ndiko mnakokukwepa, na ndiko kunakowaliza. Nunua kopo dogo. Paka mikono miwili kwenye kipande cha ubao au kadibodi, si ukutani, na usihukumu ikiwa mbichi. Rangi ya maji ikikauka mara nyingi hukolea. Kisha kisogeze: asubuhi dirishani, alasiri jua la magharibi likiingia, usiku taa ikiwaka. Rangi mbili za viwanda tofauti zinaweza kufanana juani na kuachana chini ya taa, kwa sababu vilivyozikoleza si kitu kimoja. Ndiyo maana dukani zilikuwa mapacha na nyumbani zikakataana. Angalia na mng'ao pia. Silki ikikaa kando ya rangi isiyong'aa, hata zikiwa za ndoo zilizochanganywa kwa namba moja, jicho litakwambia ni mbili.

Fundi akikwambia atakoroga mwenyewe kwa macho kutoka kwenye vichupa vya kukolezea, mwambie asante, na ukutani kwangu hapana. Akikoroga leo ikapungua, kesho hatairudia. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sitaki kusikia simu yako saa mbili usiku.

Imeshakupungukia katikati ya ukuta? Usiunge hapo hapo. Ishia kwenye kona, ukuta unaofuata upakwe wote rangi mpya, maana kwenye kona kila upande unapokea mwanga wake na tofauti ndogo haionekani sana. Kama bado hujaanza, mimina ndoo zote kwenye chombo kimoja kikubwa, ukoroge pamoja ndipo upake, kwa kuwa hata kampuni moja, mchanganyo wa leo na wa mwezi ujao huweza kupishana. Mpangaji, wewe ndiye usikie zaidi: mwenye nyumba akija kukagua siku unahama, kiraka kimoja kinatosha kuleta maneno juu ya pesa zako.

Kwa hiyo kabla fundi hajaibeba ile ndoo kwenda kuchotea maji kwake, piga picha kifuniko na ile karatasi ya mashine iliyobandikwa juu: kampuni, namba, aina ya mng'ao. Jitumie mwenyewe kwenye simu, na mtumie mwenzio wa ndani. Leo hii, mdogo wangu, usingoje kesho.