Si Kila Damu ni Hedhi



Kuna nyumba ambamo damu huleta machozi. Mke anangojea mtoto; akiona damu, anajua mwezi umepotea. Ikija ovyo, mara mbili kwa mwezi, kisha ikakosekana majuma saba, machozi hugeuka lawama. Mume hununa, mama mkwe huuliza, mke huona haya kueleza. Leo tujifunze jambo moja: si kila damu ni hedhi.

Hedhi ya kweli hufuata kupevuka kwa yai. Yai likitoka na mimba isiposhika, hedhi huja baada ya siku 11 hadi 16 hivi. Kinachorefuka au kufupika zaidi ni siku za kabla ya yai kupevuka. Kwa hiyo kalenda peke yake humdanganya mke ambaye siku zake hazitabiriki.

Mwili una dalili nyingine, nayo ni ute. Daktari John Billings wa Australia alianza kuuchunguza mwaka 1953, na baadaye mkewe Evelyn, naye daktari, akaungana naye katika kazi hiyo. Baada ya siku za ukavu huja ute, ambao hatimaye huteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku za rutuba. Mbegu za mume huweza kuishi humo hadi siku 5. Yai haliishi zaidi ya siku 1.

Tuchukue mfano. Mke anaona damu tarehe 3 Mei, na matone tena tarehe 17. Wote wawili wanasema, "Hedhi imerudi," wanaacha kukaribiana. Lakini tarehe 15 hadi 17 aliona ute wa kuteleza, na tarehe 31 damu kamili ikaja. Basi yale matone yaelekea yalitokea yai lilipokuwa likipevuka. Walijitenga katika siku zilizofaa kuliko zote!

Hata hivyo, daftari si daktari. Mwoneni daktari kama mzunguko huwa chini ya siku 24 au zaidi ya 38, damu ikipita siku 8, au ikitoka katikati ya hedhi kila mara au baada ya tendo la ndoa. Chanzo chaweza kuwa homoni, tezi ya shingo, fibroidi, maambukizo au ugonjwa wa mlango wa uzazi. Aliyeacha sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu huenda akangoja miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, au zaidi. Mkitafuta mtoto mwaka 1 bila kupata, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, nendeni. Ila siku zikiwa ovyo, msingoje muda huo uishe.

Angalieni sana: siku zikichelewa, kisha damu ikatoka pamoja na maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu, kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo. Yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, nayo huua.

Nawe mume, usimpeleke mkeo kupimwa kama mtu apelekaye redio kwa fundi. Mbegu zako nazo zipimwe. Mara nyingi tatizo liko kwa mume, au kwa wote wawili. Na mtoto asipopatikana, ndoa yenu ingali ndoa kamili mbele ya Mungu.

Zoezi la mwezi huu: nunueni daftari, mchore safu tatu: tarehe, damu, ute. Kila jioni mke aseme alichoona, mume aandike. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na jambo la kumwonyesha daktari. Tena mtakuwa mmezoea kuzungumza juu ya jambo lile lile lililokuwa likiwagombanisha.