CHOMBO CHA KUNYWESHEA VIFARANGA KWA KOPO NA SAHANI

Katika sehemu za milimani za Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kama vile Dabaga, baridi ya Juni na Julai ni kali, na kifaranga aliyelowa jioni huweza kufa kabla ya mapambazuko. Vifo hivyo hudhaniwa kuwa ni vya ugonjwa, ilhali pengine chanzo ni bakuli la wazi lililowekwa bandani. Vifaranga hulikanyaga, huyanyea maji, na walio dhaifu huzama humo.

Mfugaji aweza kujitengenezea chombo kilicho salama. Huchukuliwa kopo safi la lita 1, na sahani yenye ukingo wa sentimita 3, iliyo pana kidogo kuliko mdomo wa kopo. Kopo hutobolewa kwa msumari matundu mawili, sentimita 2 kutoka mdomoni. Hujazwa maji, sahani huwekwa juu yake, kisha vyote viwili hupinduliwa kwa pamoja. Maji hutoka mpaka yanapoyafunika matundu, nayo husimama. Yakipungua, hewa huingia na mengine hutoka.

Kipimo cha tundu ndicho kiini cha kazi yote. Likiwa juu ya ukingo wa sahani, maji yote humwagika kwenye maranda. Hata tundu dogo la kutu kwenye kitako cha kopo huleta balaa hilohilo. Hivyo chombo kijaribiwe nje ya banda kwanza.

Vifaranga 100 hutoshelezwa na makopo manne ya namna hiyo. Wiki ya kwanza sahani itiwe changarawe safi ili wanywe bila kuzama. Wakikua, chombo kiinuliwe juu ya tofali, ukingo uwe sawa na mgongo wa kifaranga. Kioshwe kila asubuhi.

Mahali palimwapo nyanya kwa wingi, kama Ilula, vyombo vitupu vya dawa ya kuulia wadudu ni rahisi kupatikana. Hivyo visitumike kamwe, hata vikisuguliwa kwa majivu na sabuni.

Chanjo ya kideri ikitolewa kwa maji ya kunywa, kopo la bati liwekwe kando siku hiyo. Itumike chupa ya plastiki iliyotobolewa vivyo hivyo, iliyosuuzwa kwa maji matupu yasiyo na klorini, kwani bati, sabuni na klorini huiharibu chanjo.