Bakteria anayeishi ndani ya asidi ya tumbo

SWALI: Nimeambiwa nina vidonda vya tumbo vilivyoletwa na bakteria. Mimi nilijua asidi ya tumboni huua vijidudu vyote. Huyu anaponaje? Na kwa nini nimekatazwa dawa ya omeprazole kabla ya kurudia kipimo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ni kweli, asidi hiyo huua vijidudu vingi tunavyomeza. Lakini huyu, Helicobacter pylori, anatengeneza kwa wingi kimeng'enya kiitwacho yurease. Kazi yake ni kuvunja yurea, ambayo mwili wetu wenyewe huiachia tumboni, ikawa amonia na hewa ya ukaa. Amonia hupoza asidi inayomzunguka bakteria, na ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo hulainika. Hapo bakteria hupenya kwa mikia yake hadi karibu na seli, mahali ambapo asidi ni hafifu, akakaa miaka na miaka asipotibiwa. Amonia hiyo hiyo huziunguza seli, na pamoja na sumu nyingine za bakteria huleta uvimbe unaozaa vidonda.

Bila yurease hana nguvu. Watafiti waliwahi kuwapa watoto wa nguruwe bakteria wasioweza kutengeneza kimeng'enya hicho. Bakteria hao hawakuweza kuweka makazi tumboni.

Kimeng'enya hicho ndicho pia kinachomfichua. Ukipimwa kwa kamera, kipande kidogo cha nyama ya tumbo hutiwa kwenye jeli ya njano yenye yurea. Bakteria akiwamo, jeli hugeuka rangi, ikawa ya waridi au nyekundu. Kwenye kipimo cha pumzi unakunywa yurea yenye kaboni ya alama, kisha alama hiyo inatafutwa katika hewa unayoitoa.

Sasa omeprazole: hupunguza bakteria na kufifisha kazi ya yurease, hivyo unaweza kuambiwa umepona na bado unaye. Ndiyo maana huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne. Usiiache omeprazole bila kumwuliza daktari wako, hasa kama umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi.

Maliza dozi yote ya matibabu hata maumivu yakiisha siku ya tatu, kwa sababu usugu wa dawa kwa bakteria huyu umekuwa tatizo kubwa. Ukirudi kupima, omba kipimo cha pumzi au cha choo. Kile cha damu hakithibitishi kupona, maana kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa.