Kwenda Chara: Mto Ndio Wenye Ratiba

Chara hupiti kwa bahati. Ni kijiji cha delta ya Mto Tana, jimbo la Garsen, na anayefika huko amekusudia. Kwa hiyo kabla ya nauli, tazama msimu. Masika huanza Aprili na vuli hushika Oktoba na Novemba, lakini mvua ya Garsen si hoja kubwa: Tana hujazwa na maji ya Mlima Kenya na Aberdare, na unaweza kukuta mto umefurika huku juu yako hakuna wingu. Udongo wa delta ni mweusi, mzito. Ukilowa, bodaboda hazishiki njia. Mimi ningechagua Januari au Februari, wakati ardhi imekauka na maembe yapo.

Panda basi la Lamu kutoka Mombasa au Malindi, ukiwa na kitambulisho mkononi, maana polisi hukagua abiria njiani. Shuka Minjila au Garsen uulize wenyeji leo njia ya Chara ikoje. Ya jana usiyategemee. Chukua pesa taslimu, chandarua na tochi. Hoteli usiitarajie: fika kwanza kwa chifu au mzee wa kijiji, ujitambulishe, useme umekuja kwa nini na utakaa muda gani. Shikamoo kwa kila mkubwa, hata kama una haraka. Heshima hiyo ndiyo itakayokupatia pa kulala.

Asubuhi mwombe mtu akupeleke kwenye mpunga. Utaona madungu, yale majukwaa ya miti ambako vijana hukaa na teo wakifukuza ndege. Usiku kazi hugeuka, kwa sababu viboko hupanda kutoka mtoni kuja kula. Ndiyo maana magharibi ikiingia usitembee ukingoni peke yako, na mahali pa kuoga uliza, kwani mamba hawana kibao. Ukiletewa wali na kambare, kula kwanza, maswali baadaye.

Ukipata mtumbwi wa kushuka kuelekea Ozi na Kipini, usiukose. Huko chini wakulima wana ujuzi wa kipekee: bahari inapojaa husukuma maji baridi ya mto yapande mashambani, nao huyaongoza kwa mifereji. Mto ukipungua, chumvi ndiyo inayopanda. Wapenda ndege wabebe darubini. Delta hii iliwekwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu, mwaka 2012.

Mwaka huohuo pia, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, yaliua zaidi ya watu 100 katika delta. Hayo usiyaulize ukiwa mgeni wa siku moja. Wakikueleza wenyewe, sikiliza, na simu ibaki mfukoni.

Picha za watu ni kwa ruhusa. Kurudi, panga gari mapema, na uache siku moja ya akiba kwa ajili ya mto.