Feni ya Rejeta Inapokataa Kuzunguka

Pikapu inapeleka mahindi sokoni. Kwenye barabara kuu inakwenda vizuri. Ikisimama kupakia, injini inachemka. Dereva anaongeza maji. Kesho yake inachemka tena. Kwa nini?

Gari likienda mbio, upepo hupoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Katika magari mengi feni huzungushwa kwa umeme. Basi, ikiwa maji yamejaa na hayavuji, tutazame umeme.

Angalia! Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ina moto. Maji yataruka na kukuunguza. Pia feni huweza kuanza ghafla, hata injini ikiwa imezimwa. Weka mbali mikono na ncha za khanga.

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na rilei, hufika kwenye mota ya feni. Kisha hurudi kwenye betri kwa waya uliofungwa kwenye bodi. Maji yakipata moto sana, swichi ya joto huiwasha rilei.

Tuanze na fyuzi. Ikiwa imekatika, tia mpya ya namba ile ile. Ikikatika tena, usitie kubwa zaidi. Wengine hufunga karatasi ya pakiti ya sigara. Hiyo ni hatari kubwa. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Tafuta kosa. Chomoa plagi ya feni na utie fyuzi nyingine. Chomoa plagi ya swichi ya joto, unganisha nyaya zake mbili, halafu fungua ufunguo wa gari. Fyuzi ikikatika, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Isipokatika, shaka iko kwenye mota. Huenda imekwama, nayo mota iliyokwama huvuta umeme mwingi.

Kama fyuzi ni nzima, rudisha plagi ya feni na uunganishe nyaya zile zile. Feni ikizunguka, swichi ya joto ndiyo mbovu. Isipozunguka, pima rilei na mota.

Magari yenye kompyuta hayapimwi hivi. Yapelekwe kwa fundi wa umeme.

Feni inayozunguka leo na kukataa kesho husumbua zaidi. Mara nyingi waya wa bodi umeshika kutu au umelegea. Fungua waya wa betri kwanza. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza.

Maswali
1. Kwa nini gari huchemka likisimama?
2. Fyuzi ina kazi gani?
3. Je, katika kijiji chenu watu hutia nini mahali pa fyuzi?