Dondoo muhimu: Kuni za baridi ya Njombe

Baridi ya Njombe na Makete hukaza Juni na Julai, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimekatika na kuni nyingi bado zimelowa. Kwa hiyo weka akiba tangu Septemba au Oktoba iliyotangulia, jua likiwa kali. Ukipata muwati, chukua. Makaa yake hudumu kuliko ya msindano. Pasua kabla ya kupanga, maana gogo zima huchelewa mno kukauka ndani. Inua rundo juu ya mawe, funika juu tu, ubavuni upepo upite. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia ko!, na ncha zake zina nyufa. Kuni zikipungua, oteni moto chumba kimoja. Ila jiko la mkaa msilale nalo ndani, tafadhali; hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.