Vyuma Vilipokaza: Namna ya Kutazama Filamu za Nyakati Ngumu

Siku hizi bumu likichelewa wiki mbili, hosteli nzima inaongea lugha moja: vyuma vimekaza. Lakini tukiulizwa vyuma vilikazaje mwaka 1932, au mwaka 1982, wengi wetu tunakimbilia YouTube, tunaandika maneno mawili matatu, tunabonyeza filamu ya kwanza isiyo na rangi na kuamini kila tunachokiona. Kwa kuwa ni ya zamani, tunadhani ni ya kweli. Makala hii inaipinga tabia hiyo. Filamu ya zamani ni shahidi, na shahidi lazima ahojiwe.

Kwa wenzangu wa Elimu tunaosoma Historia, jambo hili si la starehe. Kidato cha Nne kuna mada ya misukosuko ya mfumo wa kibepari, na ndani yake mdororo mkuu wa uchumi ulioanza Marekani mwaka 1929. Sasa limekuja pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kesho kutwa tutasimama darasani, na wanafunzi wanataka kuona, si kusikia tu. Nilipokuwa BTP katika shule moja ya kata mkoani Singida, niliwaonyesha vijana kwenye laptop picha za Wamarekani wakipanga foleni ya mkate. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na huku kwetu wakati huo ilikuwaje?" Swali halali kabisa. Tulijibu kwa kuhoji filamu zilizopo, kisha zile zisizokuwepo. Maswali manne yanatosha.

Swali la kwanza: nani alilipa?

Mdororo ulipofika Tanganyika, bei za mazao ya kuuza nje, mkonge ukiwamo, ziliporomoka. Mishahara ya mashambani ikashuka na watu wakapoteza kazi, lakini kodi ilibaki palepale. Serikali ya kikoloni ikawahimiza wakulima walime zaidi ili fedha ya kodi ipatikane. Ni katika miaka hiyohiyo ndipo lilipoanzishwa jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kati ya 1935 na 1937, makao yake yakiwa Vugiri, huko Usambara, mkoani Tanga. Waliolisimamia ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Fedha kubwa ilitoka shirika la Carnegie la New York, na nyuma yake kulikuwa na baraza la kimataifa la wamisionari. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Tazama mada zake: minyoo, malaria ya watoto, ngozi za mifugo, mmomonyoko wa udongo, kodi, benki ya akiba ya posta. Hiyo ya posta inalinganisha watu wawili: mmoja anazika fedha yake ardhini inaibiwa, mwingine anaiweka posta inakuwa salama. Somo zuri, huwezi kulikataa. Ila jiulize: katika miaka ambayo mshahara wenyewe umeshuka, filamu inamwambia mfanyakazi kwamba tatizo lake ni mahali anapoficha fedha, siyo uchache wa fedha. Mlipaji hakutaka swali la pili liulizwe.

Usidhani ni koloni peke yake. Mwaka 1935 huko London, Edgar Anstey na Arthur Elton walitengeneza filamu ya makala iitwayo Housing Problems, kuhusu nyumba mbovu za masikini, zenye panya na kuta zinazobomoka. Ni filamu inayosikitisha, na ni ya kweli. Lakini aliyelipa ni umoja wa wauzaji wa gesi, ambao nyumba mpya kwao zilimaanisha majiko mapya. Marekani nako, mwaka 1936, Pare Lorentz alitengeneza The Plow That Broke the Plains, juu ya nyanda zilizogeuka vumbi kwa kulimwa kupita kiasi. Fedha ilitoka kwa idara ya serikali iliyokuwa ikiwahamishia wakulima sehemu nyingine. Kulipiwa hakuifanyi filamu iwe uongo. Kunatuonyesha tu ilielekea wapi.

Swali la pili: nani anasema, na nani anasemewa?

Hapa ndipo Housing Problems inapozipita nyingi za wakati wake. Mle ndani wapangaji wenyewe wanasimama mbele ya kamera na kusema kwa vinywa vyao: panya, unyevu, watoto. Kwenye filamu ya Lorentz hausikii mkulima hata mmoja. Kuna sauti nzito ya msimulizi na muziki. Na zile za Vugiri zilipigwa kimya, sauti ikatiwa kwenye santuri na kuchezwa pembeni. Maana yake ni kwamba mtu unayemwona kwenye picha si yeye unayemsikia. Anachimba, anacheka, anabeba mzigo, na mwingine anaeleza anafikiri nini.

Hebu fanya zoezi hili dogo. Chukua filamu yoyote ya zamani ya dakika kumi, uhesabu ni dakika ngapi anayeonyeshwa na shida anasema mwenyewe. Andika namba hiyo ubaoni kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Wanafunzi wa sekondari wanalipenda zoezi hili, maana halihitaji Kiingereza kigumu. Linahitaji macho na saa.

Swali la tatu: nini kimepangwa?

Mwaka 1936 mpigapicha Arthur Rothstein, aliyekuwa mwajiriwa wa serikali ya Marekani, alikuta fuvu la ng'ombe kwenye ardhi kavu ya South Dakota. Akalipiga picha mahali lilipokuwa, kisha akalisogeza hatua chache akapiga tena. Magazeti ya upinzani yalipojua, yakapiga kelele: serikali inatengeneza ukame! Ukame ulikuwa wa kweli, fuvu lilikuwa la kweli. Lililosogezwa ni fuvu, na imani ya watu ikasogea nalo.

Kwa hiyo kwenye filamu yoyote tutenganishe mambo matatu: kilichotokea chenyewe, kilichoigizwa ili kionekane, na kilichochaguliwa kati ya vingi. Mfano wa kwetu ni filamu ya mwaka 1936 kuhusu mradi wa mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro, moja ya chache za jaribio la Vugiri zilizobaki hadi leo katika hifadhi ya filamu ya Uingereza. Inauonyesha mradi huo kama maendeleo. Lakini hata filamu iliyopangwa huvujisha ukweli pembeni: aina ya jembe, nguo zilizochanika, nani amevaa viatu, watoto wangapi wapo shambani saa za shule. Mwongozaji hakupanga hayo kwa sababu hakuyaona kuwa na maana. Mwanahistoria anaanzia hapo.

Swali la nne: nini hakimo?

Hili ndilo gumu, na ndilo linalotuhusu zaidi. Njoo mwisho wa miaka ya 1970. Bei ya mafuta imepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita ya Kagera imepiganwa 1978 na 1979, fedha za kigeni hakuna. Sabuni, sukari, nguo, dawa ya meno, vyote vinakuwa hadithi. Magari binafsi yanakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Mwaka 1983 inakuja operesheni ya wahujumu uchumi. Hali inaanza kulegea pale biashara ya kuingiza bidhaa ilipofunguliwa 1984, na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Sasa tafuta picha zinazotembea za miaka hiyo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri hadi 1994. Tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, na ndiyo iliyotoa Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970. Hiyo ni hadithi ya kuigiza yenye ujumbe wa ujamaa: mtu anakwenda mjini, mji unamshinda, kijiji cha ujamaa kinampokea. Inafaa kutufundisha nchi ilitaka kuwa nini. Foleni ya sabuni saa 11 alfajiri ni habari nyingine.

Basi kule Singida niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani yenye swali moja tu la kumuuliza mzee: "Sabuni ilipokosekana, mlifulia nini?" Sikuwaambia waulize maoni juu ya siasa. Swali la kitu huleta kitu. Kesho yake daftari zilirudi zimejaa. Majani ya mpapai. Majivu. Bibi mmoja wa mjini alimweleza mjukuu wake jinsi watu walivyopanga mawe kwenye foleni ya duka la ushirika, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako usogeze jiwe la mtu. Wazee wa mjini walikumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Wazee wa vijijini hawakuutaja. Wao walisema chakula kilikuwepo, uwele na mtama vya shambani mwao. Walichokosa ni nguo, mafuta ya taa na sukari, na sukari yenyewe ilipofika iligawiwa kwa balozi wa nyumba kumi, kijiko kwa kijiko.

Mnaona? Kama mgeni mwenye kamera angekuja mwaka 1982 na kupiga picha za foleni Dar es Salaam tu, leo tungefundisha kwamba Tanzania nzima ilikuwa foleni. Kijiji cha Singida kilikuwa na shida ya sura nyingine, na hakuna aliyeipiga picha.

Daftari moja lilikuwa na mstari mmoja tu. Babu alimwambia mjukuu: "Hayo ya 1983 usiyaandike." Mwanafunzi akayaandika hayo maneno, akafunga daftari. Sikumlazimisha aendelee. Kuna watu walikamatwa mwaka ule, kuna mali zilitaifishwa, na kuna majirani waliochongeana. Kukataa kwa mzee nako ni ushahidi, na ni haki yake.

Cha kufanya

Waliokuwa na miaka 20 wakati wa foleni zile, leo wana zaidi ya 60. Kila msiba mmoja kijijini ni filamu ambayo haitapigwa tena. Na sisi, kizazi chenye kamera mfukoni kuliko vyote vilivyotangulia, tunazitumia kurekodi mahafali na keki.

Likizo hii, kila mmoja anaweza kufanya haya. Muombe ruhusa mzee wako, umweleze sauti yake itakwenda wapi, na akisema hapana, iwe hapana. Mwanzoni taja tarehe, mahali na jina la anayehoji. Jina la mzee liwepo tu kama amekubali. Uliza vitu kwanza: mlikula nini, mlivaa nini, mlipanga wapi, nani aligawa. Mpe nafasi ya kunyamaza, usimkatize. Ukimaliza, usikate kipande kinachokufurahisha ukakirusha hadharani na muziki. Hifadhi yote, nakala mbili sehemu mbili tofauti, na moja umrudishie mwenyewe. Kisha jihoji kwa maswali yaleyale manne: nani alilipia bando, nani amesema, nini nimepanga, nini hakimo. Maana na sisi tutakuja kuhojiwa.

Nawaomba viongozi wa serikali ya wanafunzi na idara ya Historia wakae pamoja, watenge hata kompyuta moja maktaba ya kupokea rekodi hizi, yenye daftari la kuandikisha nani kaleta nini na kwa masharti gani. Hilo halihitaji mfadhili. Mwaka kesho mwenzetu akienda BTP Ikungi, Iramba au Manyoni, kijana wa dawati la nyuma akinyoosha mkono kuuliza huku kwetu ilikuwaje, atakuwa na sauti ya kumsikilizisha, na itakuwa inasema Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo chake mwenyewe.